Mkebe wa Tano

Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani ya mwaka huu tulimzika Shangazi Raya kwetu Ibra, Omani, na kabla wanaume hawajarudi kutoka makaburini, sisi wanawake tuliobaki nyumbani tulikwishajua kwamba hakuna tena mtu anayeweza kuihadithia ile sinema ya bwana harusi. Sinema yenyewe haikupotea. Ipo kwenye simu, bure, mtu yeyote anaweza kuifungua akiwa kwenye kiti cha hospitali anangoja kuitwa. Kilichopotea ni maneno aliyokuwa akiyasema juu yake. Naandika nikiwa na hasira, sioni haja ya kuificha, na kinachonichosha zaidi ni kwamba kila nikitafuta wa kumkasirikia simpati. Mimi si msomi. Niliishia darasa la tisa nikaolewa Nizwa, na huko ndiko ninakokaa mpaka leo. Kwa hiyo nitasema nilichokiona na nilichoambiwa, na pale nisipojua nitasema sijui.

Nikiukumbuka msimu ule, pua hutangulia macho. Ilikuwa kiangazi, mimi nina miaka kama kumi, na mji mzima ulinuka tende za mabsali zinazochemshwa. Wanaume walikaa kando ya masufuria makubwa ya shaba, moto wa makuti chini, wakizipika zile tende mbichi za manjano kisha wakazimwaga juani zikauke. Moshi ule uliingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye maji ya kunywa. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, ya babu, na nyuma yake kulikuwa na ghala ya tende: chumba kirefu kisichokuwa na dirisha, sakafu yake ina vijifereji vya kupitishia asali inayojikamua yenyewe kwenye magunia yaliyopangwa. Ukiingia mle kutoka juani huoni mkono wako. Unasikia tu utamu mzito umekuzonga kooni, na nyuki mmoja aliyepotea njia. Nyumba nzima hapakuwa na chumba kingine chenye giza mchana, na ndiyo maana sinema tulizitazamia mle, alasiri, watu wazima wamelala.

Mashine ya sinema ilikuwa ya Shangazi Raya, dada mkubwa wa baba yangu. Yeye alizaliwa Unguja mjini kama ndugu zake wote, ila mama yake alikuwa mtu wa Makunduchi, na rangi aliichukua huko. Alikuwa mweusi kuliko ndugu zake, na wala hakuwahi kuliona hilo kuwa jambo la kuzungumzwa. Mumewe, Ami Nassor, aliinunua mashine ile kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akifunga duka. Ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na ina taa ndani yake. Pamoja nayo akapewa mikebe mitano ya bati, ndani yake mikanda ya sinema moja ya Kimarekani, ya zamani hata kwa wakati ule, ya enzi ambazo sinema hazikuwa na sauti. Shangazi alituambia kwamba Wamarekani walipoanza kazi ile hawakujua kuyatia maneno, kwa hiyo waigizaji walikimbia, walianguka, walifumbua macho kama waliokabwa, ili mtu aelewe bila ya kusikia. Palipokosekana njia wakaandika kidogo, maandishi meupe kwenye weusi, kisha watu wakaanza tena kukimbia. Mama yake alimsimulia kwamba Unguja ya zamani, sinema kama hizo zikionyeshwa, palikuwa na mtu akisimama pembeni akiwaeleza watu kwa sauti kinachotokea. Sijui kama ni kweli. Najua tu kwamba Shangazi naye alisimama pembeni.

Sinema ilikuwa hivi. Kijana mmoja mwembamba, amevaa suti ya harusi, amechelewa gari la moshi la kumpeleka kwenye harusi yake mwenyewe. Bibi harusi amekaa kanisani anangoja na shela lake. Basi kijana anaanza kulikimbilia lile gari: kwa baiskeli, kwa mkokoteni wa mbuzi, kwa miguu, na mwishoni mwa mkebe wa nne analipata, anaparamia juu ya paa la behewa, amelala kifudifudi ameshika kofia, na mbele yake kuna mlima umetobolewa shimo la reli. Gari linaingia gizani. Mkanda unakwisha. Shangazi hakujua Kiingereza hata neno moja, na maandishi yale yalimwingia jicho moja yakatokea jingine. Aliyajaza mwenyewe. Gari la moshi kwake lilikuwa lile la Bububu, ambalo alidai wazee wake walilipanda na kwamba hata hilo walilijenga Wamarekani. Kanisa lilikuwa nyumba ya mjini yenye baraza ndefu. Bibi harusi alikuwa na shangazi zake, na shangazi hao walikuwa na midomo. "Mwanaume gani huyu hata saa hana! Mahari kachukua mkopo, sasa na miguu kaazima?" Sote tukacheka. Pale mwanzoni panapokuwa na busu, aliitanua ncha ya kanga yake mbele ya taa, shuka ya ukutani ikawa na maua mekundu, naye akisema kwa utulivu, "Hapa wanaagana."

Athari yake kwetu siwezi kuipima. Kaka yangu alikuwa akitembea uani kwa mwendo wa yule kijana, magoti hayakunjiki, akijibwaga kwenye mfereji wa falaji kwa makusudi mpaka akachapwa. Binti mmoja wa jirani, Mwarabu wa hapa hapa asiyejua Kiswahili, alijifunza kwetu neno stelingi, yaani shujaa wa sinema, na mpaka leo ni mtu mzima na ukikutana naye sokoni atakuuliza stelingi hajambo, akimkusudia kaka yangu. Ibra nzima haikuwa na sinema. Sisi tuliozaliwa na watu wa Unguja tulikuwa tukichekwa kwa lafudhi na kwa chakula chetu, tukaitwa majina. Lakini alasiri mle ghalani watoto wa wale waliokuwa wakitucheka walikuja kukaa juu ya magunia yetu, na Shangazi akiwahadithia kwa Kiswahili na Kiarabu pamoja, bila ya kumbagua mtu.

Ila mkebe wa tano hakuna aliyeuona. Hata yeye. Yeye na mumewe waliitazama minne usiku mmoja, Unguja, taa ya mashine ikaungua, wakaagizia nyengine, na kabla taa haijafika ikaja Januari ya sitini na nne, mambo yakaharibika. Baada ya miaka Shangazi akapata njia ya kutoka, kupitia Mombasa, na badala ya kubeba vyombo kama wenzake akabeba mashine na mikebe. Ami Nassor alibaki kuangalia nyumba, ati atafuata. Hakufuata. Mwaka huu nauli, mwaka ujao ruhusa, baadaye tukasikia kaoa huko, na Shangazi hakuomba talaka wala hakutaka kuulizwa. Baba alimtafutia taa Maskati, mashine ikafanya kazi, na mikebe minne ikawa inafunguliwa sikukuu na sikukuu. Wa tano aliuweka. "Huu tutautazama akija," alisema, na akaufunga kama tunavyofunga tende. Kwetu tende adui yake ni upepo. Ukizishindilia vizuri na kuziba kila tundu, zinakaa mwaka na zaidi. Basi akauzungushia mkebe kitambaa, akaupaka nta ya nyuki kwenye ukingo wote, akausukuma nyuma kabisa ya magunia ya ghalani, mahali palipohifadhiwa kila kitu cha thamani.

Mwanzoni mwa kiangazi kile alifika mtu kutoka Unguja akatupa habari kwamba Ami Nassor amefariki. Shangazi hakupiga kelele. Aliuliza kazikwa wapi, akajibiwa, akaingia ndani akavua bangili, akavaa nguo nyeupe, akakaa eda. Mwanamke mwenye eda kwetu hatoki, hajipambi, hajitii udi, hakai na wanaume wasio maharimu wake. Anakaa ndani na msahafu na tasbihi, na wanawake huja kumwangalia. Siku za mwanzo alifanya hivyo hivyo. Halafu alasiri moja tukasikia mashine inazunguka. Tulipokimbilia ghalani tulimkuta amesimama na nguo zake nyeupe, nuru ya mashine imemgonga ubavuni, peke yake, anaihadithia ile sinema kwa magunia. Alipotuona hakusita. Alisema tu, "Kaeni, mtaziba nuru."

Habari zikatoka. Bi Thuwaiba, jirani yetu, naye mzaliwa wa Unguja na mwenye ulimi usiokuwa na mlinzi, akaja siku ya pili, hakukaa hata akapewa kahawa.

"Raya, hebu niambie nami nielewe. Eda hii ya mume au ya sinema?"

"Eda ya mume," Shangazi akamjibu. "Sinema ndiyo mirathi."

"Mirathi hugawanywa, shoga, haichekwi."

"Basi njoo alasiri uchukue fungu lako."

Bi Thuwaiba akasema astaghfirullah mara kadhaa, na alasiri akaja. Baba yangu hakufurahi. Alikwenda kumuuliza sheikh, akarudi na uso uliokunjamana, akatwambia sheikh amesema kutoka nje ndiyo iliyokatazwa na kujipamba, ama haya ya picha hajapata kuulizwa na mtu yeyote, na angependa asiulizwe tena. Basi ikawa hivyo msimu mzima. Nje wanapika mabsali, ndani mwenye eda anaonyesha sinema, na wanawake waliokuja kumpa pole walipishana mlangoni na watoto wenye vumbi. Kila alipofika kwenye lile shimo la mlimani tulimwuliza, anafika au hafiki? Naye kila siku alitupa jibu jingine. Siku moja gari lilitokea upande wa pili na kijana hayupo, ameangukia baharini, anaogelea na suti. Siku nyengine alifika harusini amechelewa mno, bibi harusi amekula biriani yake na kulala, na akaamshwa, na yale maneno aliyomwambia, Bi Thuwaiba aliyacheka mpaka akashika ubavu. Tukasema, sasa lakini tunataka la kweli. Shangazi akatuahidi. Eda ikisha, mkebe wa tano utafunguliwa. Hakuna tena wa kumngoja.

Sikuwahi kungoja kitu kama nilivyoingoja siku ile, na naamini naye hivyo hivyo, kwani usiku wa kuamkia alioga, akajipaka hina, akatoa kanga mpya ambayo haikuwahi kuvaliwa. Alasiri ghala ilijaa. Baba mwenyewe alikuja, akasimama mlangoni kama mtu aliyepita tu. Kaka yangu akatambaa nyuma ya magunia akautoa mkebe, umenata asali na vumbi. Shangazi akaikwangua ile nta kwa kisu, polepole, akakifungua kitambaa, na kabla hajaondoa kifuniko sote tulisikia harufu. Siki. Siki kali, ya kutoa machozi, katikati ya ule utamu wote. Mtu mmoja akasema labda achari imevuja. Kifuniko kikatoka, na ndani mlikuwa na kitu kimoja kilichoshikana, kimejikunjakunja kama ganda la muwa lililokaa juani, na unga mweupe juu yake. Alipoushika mkanda ili autafute mwanzo ukavunjika mikononi. Akajaribu pengine, ukavunjika. Baba akachukua kipande akakitoa nje akakielekeza kwenye jua, na mimi nikamfuata. Niliona kitu cheupe. Kinaweza kuwa shela la harusi. Kinaweza kuwa moshi.

Siku hizi najua kilichotokea, maana mtoto wa kaka yangu alinisomea. Mikanda ya namna ile hutoa tindikali yenyewe kwa yenyewe, na ikifungwa pasipo na hewa, mahali penye joto, tindikali haina pa kwenda, inaula mkanda. Ile minne iliyokuwa ikifunguliwa kila mara ilipumua, ikaishi miaka mingi zaidi. Uliooza ni ule uliotunzwa. Watu husema subira huvuta heri, na mimi huwasikiliza tu. Ile subira niliyoiona mimi ilivuta siki. Kungekuwa na mtu aliyefanya uzembe ningepumzika. Lakini Shangazi alifanya kila kitu kama alivyofundishwa kuhifadhi.

Hakulia. Alinawa mikono, akarudi, akamwambia kaka yangu aweke mkebe wa nne. Tukautazama mpaka gari likaingia mlimani na mkanda ukakwisha, na hapo tulidhani atazima taa. Hakuzima. Aliendelea kuizungusha mashine tupu, na kwenye shuka pakawa na mwanga mweupe tu, wa pembe nne, na nyuki akipita ndani yake. Akaanza kuuhadithia mkebe wa tano. Alieleza giza la mle ndani, na sauti ya magurudumu, na alivyokuwa kijana akiongea peke yake juu ya paa akijitetea kwa bibi harusi, anapanga maneno, anayafuta, anapanga mengine. Alieleza nuru ilivyotokea. Kisha alieleza kufika kwake, na pale sauti yake haikuwa ya mzaha tena, wala haikuwa ya huzuni, ilikuwa kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwake. Nakumbuka Bi Thuwaiba analia waziwazi na hajifuti. Nakumbuka baba amekaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. Maneno yenyewe siyakumbuki. Nilikuwa nikiitazama ile shuka nyeupe, na Mungu ni shahidi niliona watu ndani yake, na kwa kuwaona wale watu maneno yakanipita. Tangu siku hiyo mwisho ukawa ule ule mmoja. Aliurudia sikukuu baada ya sikukuu mpaka nikaolewa nikaondoka, na baadaye mashine ikafa, nyumba ya udongo ikaanguka upande, akahamia kwenye nyumba ya matofali ya kaka yangu.

Mwaka juzi Said, mtoto wa kaka yangu, ambaye anafanya kazi gereji moja huko Firq na hawezi kukaa bila ya simu mkononi, aliitafuta ile sinema akaipata. Nzima, mikebe yote mitano. Alifurahi kijana, akanipitia Nizwa akanichukua mpaka Ibra ili tuitazame pamoja na bibi yake, kama anavyomwita. Shangazi wakati ule macho yalikuwa bado yanaona karibu. Said akaitegemeza simu kwenye mto. Shangazi akaanza kuhadithia kama zamani, sauti imekwaruza lakini ni ile ile, na nikamwona Said anatabasamu akisikia Kiswahili ambacho nusu yake hakukielewa. Tukafika kwenye shimo. Gari likaingia. Safari hii likatoka.

Kijana yule alitoka mweusi. Masizi ya mle ndani yamempaka uso mzima na mikono. Akateremka, akakimbilia kanisani, bibi harusi akageuka akamwona, akapiga yowe akaanguka. Watu wote wakamgeukia wakachukua fimbo na viti, wakamkimbiza mji mzima, na wale waigizaji wanacheka, ni mchezo wa kuchekesha ule. Mpaka akaangukia kwenye birika la maji ya farasi, akatoka mweupe. Wakamjua. Wakacheka, wakamrudisha kwa bibi harusi wake. Katikati palikuwa na maandishi, na Said alipoyasoma aliitoa simu kwenye mto.

"Wameandika nini?" Shangazi akauliza.

"Hamna kitu, bibi. Maneno tu."

"Soma."

"Bibi, sinema ya zamani hii, watu wa zamani hawakuwa..."

"Nimekwambia soma, Said."

Akamsomea kwa Kiarabu, kwa sauti ndogo, akiwa anaangalia zulia. Sitayaandika hapa. Yalikuwa juu ya rangi ya yule kijana, na bibi harusi ndiye aliyeyasema. Shangazi akaitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza.

"Hii siyo," akasema.

"Ndiyo yenyewe, bibi. Watu ni wale wale."

"Watu ni wale wale. Yangu siyo hii."

Akaomba maji. Tangu siku hiyo hakuihadithia tena. Nilimwomba zaidi ya mara moja, nikiwa peke yangu naye, nikamwambia tuachane na ya Wamarekani, nipe ile ya ghalani, ile ya mwanga mtupu. Alinijibu kwamba ameisahau. Sikumwamini, lakini mtu akikwambia amesahau utamfanya nini? Said naye alijuta mpaka nikamwonea huruma. Mtoto alitaka kumletea zawadi. Alinisomea baadaye kwamba sinema nyingi za enzi zile hata kwao hazipo tena, zimeungua, nyengine waliziyeyusha wenyewe ili watoe madini ya fedha yaliyomo. Nikamwuliza, katika zote hizo, ilikuwa lazima hii ndiyo ibaki?

Nikilinganisha siku zile na hizi, sisemi kwamba zile zilikuwa bora. Tuliumwa na joto, tulichekwa, mwanamke alimngoja mtu asiyekuja mpaka nywele zikageuka. Sasa tuna baridi ya mashine na kila picha iliyowahi kupigwa duniani, na wajukuu wanaotazama kila kitu na kuelewa kila lugha isipokuwa ya bibi zao. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba sinema zile zilikuja kwetu bubu, na kwa kuwa zilikuwa bubu tuliweza kuzisemea. Sasa zimepata wa kuzisoma, na sisi ndio tusioweza kusema.

Matanga yalipokwisha, wageni wametoka, Said alikuja akakaa mbele yangu akaweka simu katikati yetu.

"Ammati," akaniita, kama watoto wa siku hizi wanavyowaita shangazi zao, "wewe ulikuwepo. Hebu ieleze ya bibi, niirekodi. Ya kwake."

Nikaanza. Mwanzo nilikuwa nao wote: saa, mahari, shangazi zake bibi harusi wenye midomo. Said alicheka pale penyewe. Mara mbili alinisimamisha aulize neno, nikamweleza kwa Kiarabu nikaendelea. Nikampandisha kijana juu ya behewa, nikamshikisha kofia yake, nikaliingiza gari gizani. Hapo nikatafuta. Nilijua anapanga maneno ya kujitetea. Nilijua kwamba nuru inatokea.

"Ehe," akasema Said. "Halafu?"

Nikamwambia sijui.

Aliiacha simu irekodi kwa muda, labda akidhani nitaendelea. Kisha akaizima.